Kinu cha saruji na upekecho wa mama: vyombo vya jiko la Kimeksiko nilivyochagua na nilivyoacha

Mwaka wa kwanza nilipohamia Chicago nilinunua kinu cha mawe cha Kimeksiko, wanakiita molkahete (dukani utakuta wameandika molcajete), kilikuwa cheusi kizuri, miguu mitatu mifupi, kichwa cha nguruwe kimechongwa mbele, na bei yake ilikuwa chini kiasi kwamba sikujiuliza chochote, nikakipakata kwenye basi mpaka nyumbani. Jumapili nikatengeneza salsa, nyanya za kuchoma, pilipili, kitunguu saumu, chumvi, watoto wakala na mimi nikala, iliyobaki nikaipeleka kazini Jumatatu. Kazini kwetu ni jikoni, tunawapikia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na zamu yangu nilikuwa na mama mmoja mtu mzima wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, ambaye wote tunamwita doña, kama sisi tunavyosema bi mkubwa. Akachovya kidole, akaonja, akanyamaza. Afu akachukua tone la ile salsa akaliweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua karibu na sikio langu. Krr, krr. Mchanga kabisa.

"Mija," akaniambia, yaani mwanangu, "hii ni saruji."

Iliniuma sana jamani, na sio kwa sababu ya hela, ila kwa sababu wanangu walikuwa wameshakula, na mimi ndo niliyewapa.

Kwetu Dodoma nimekua nikisikia mchagua jembe si mkulima, na kwa jembe nakubali, mvua ikishanyesha shika lililopo ukalime. Ila kwa vyombo hivi nimebadili mawazo kabisa. Jiwe baya linaingia kwenye chakula, na chungu kibaya kinaingia kwenye damu ya mtoto, hilo la chungu nitafika. Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wa huku ughaibuni ambao tumepanga jirani na Wameksiko, tunafanya nao kazi, wengine tumeoleana nao, tumependa chakula chao na sasa tunataka kukipika vizuri nyumbani. Majina nimeyaandika kama yanavyotamkwa, ukifika dukani tamka hivyo hivyo watakuelewa.

Tuanze na hilo jiwe. Molkahete halisi ni jiwe la volkano, basalti, bonge moja limechongwa lote. Jina lake limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki, molli ni mchuzi na caxitl ni bakuli, kwa hiyo ni bakuli la mchuzi tu, na mchi wake mfupi mnene unaoenea kiganjani wanauita teholote. Kule Meksiko kuna sehemu zinajulikana kwa kazi hiyo, Comonfort kwenye jimbo la Guanajuato, na San Lucas Evangelista kule Jalisco, baba anachonga na mtoto anachonga. Sasa huku madukani kuna vya kuchonga na kuna vya kumimina kwenye umbo, saruji iliyochanganywa na kokoto za mawe, afu inapakwa rangi nyeusi, na vimepangwa rafu moja.

Doña akanipeleka mwenyewe Little Village, kwa Wameksiko wa hapa Chicago, mtaa wa 26, Jumamosi moja ya baridi kali, tukaingia maduka matatu na alikuwa hasemi na mtu mpaka ainue kinu kwa mikono miwili. Kikiwa chepesi kuliko unavyokitegemea anarudisha. Anageuza chini, anatafuta mstari wa kiungo, maana jiwe la kuchonga halina mstari, lina alama za patasi. Anaangalia vitundu, kwenye jiwe vitundu havifanani, kimoja kama punje ya mtama kingine kama kichwa cha sindano, ukiona vyote saizi moja vimepangana ujue kuna mtu kavitengeneza. Mwisho anasugua teholote ndani, kavu kavu, mara kumi hivi, anapuliza, anasugua tena. Kinu kipya chochote kinatoa vumbi kidogo mwanzoni ila cha saruji hakiachi, unapuliza linakuja lingine, na kidole kinabaki cha kijivu. Kwenye duka la tatu alisugua, akapuliza, akasugua, akanipa mimi. Nikakishika, kilo nne na zaidi kwa kukadiria, hakina nguruwe hakina pambo lolote, na bei mara tatu ya kile cha kwanza. Nikalipa.

Kununua ni mwanzo tu maana kinu lazima kikomazwe, na hapa wengi tunafanya haraka. Unakiloweka, unakisugua na brashi ngumu bila sabuni, kikikauka unatia mchele mbichi kiganja kimoja, unasaga mpaka uwe unga. Unga wa kwanza ulikuwa rangi ya jivu, nikamwaga. Wa pili jivu. Nilikuwa nasaga usiku watoto wakishalala, nimekaa chini jikoni, kinu nimekibana kati ya miguu na taulo chini yake, mkono unazungusha na bega linauma, siku ya tatu unga ukaanza kuwa kama chaki chafu, siku ya nne ukatoka mweupe kabisa, mweupe wa mchele. Nikapiga picha nikamtumia doña, akajibu neno moja, ya, yaani tayari. Baada ya hapo unasaga kitunguu saumu na chumvi na bizari nyembamba, unapaka kila mahali, unaacha kidogo, unasuuza. Na kuanzia hapo sabuni isiguse tena, jiwe linanyonya, sabuni utakuja kuila.

Wapo watakaosema si nina blenda bwana. Na mimi ninayo, naitumia. Lakini blenda inakata na visu huku inaingiza hewa, ndo maana salsa yake inatoka nyepesi ya pinki yenye povu, wakati jiwe linaponda, saumu na pilipili vinapasuka na kutoa mafuta yake na nyanya inabaki na vinyama vyake. Utaratibu ni chumvi na saumu kwanza mpaka vilainike kama uji, ndo pilipili, ndo nyanya mwisho kabisa, ukianza na nyanya kila kitu kinateleza na hakuna kinachosagika. Mtu aliyetwanga bamia au karanga kwenye kinu cha kwetu haitaji kuelezwa zaidi.

Sasa komali. Kama una hela ya kitu kimoja tu usinunue molkahete, nunua komali. Ni bapa la kuchomea tortila, ile mikate yao bapa ya mahindi kama chapati, halina ukingo au lina ukingo mdogo sana, na ndo linalofanya kazi zaidi kwenye hilo jiko zima, tortila inachomwa hapo, nyanya na vitunguu na saumu vinababuliwa hapo, pilipili kavu zinapashwa hapo. Yapo ya udongo, ya chuma kizito na ya bati la chuma. La udongo ndo la asili, na wanalipaka maji ya chokaa kabla ya kutumia ili tortila isigande, ukiliona lina weupe weupe juu usidhani ni uchafu. Nimekula tortila ya komali la udongo kwa ndugu zake doña na ni tamu kweli. Ila kwa jiko la gesi la kwenye apatimenti sikushauri, moto wa gesi unapiga sehemu moja na udongo unataka kupata joto taratibu kote kote, litapasuka katikati. Chukua la chuma kizito, upana kama sentimita 28 au 30, ulipake mafuta kidogo ulichome mpaka moshi uishe, urudie siku mbili tatu, kama unavyofanya kikaango kipya cha chapati. Nasisitiza lisiwe na hicho kipako cha kuzuia kuganda, maana komali linachomwa likiwa tupu na moto mkali, na kile kipako hakikutengenezwa kwa moto wa namna hiyo.

Na hapa lazima niongelee mahindi, maana hili ndo lililonishika moyo kuliko yote.

Mahindi asili yake ni Meksiko. Sisi tunaokula ugali kila siku ya Mungu, unga wetu ulianzia kule, Wareno wakauleta Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika. Lakini mahindi yalisafiri peke yake, ujuzi ukabaki. Wao hawasagi mahindi makavu. Wanayachemsha na chokaa ya kula, kilo moja ya mahindi kwa gramu 10 hivi za chokaa, mpaka ganda lianze kuchubuka, wanaacha yalale usiku kucha kwenye maji yale yale, asubuhi wanaosha wanasaga, hiyo inaitwa nikstamali na unga wake mbichi ni masa. Ndo sababu ukichukua sembe yako ukakanda na maji haitoki tortila, inakatika katika, ukitaka kuinua inabaki vipande. Nilijaribu mara tatu kabla ya kuelewa. Chokaa inavunja ganda na kufanya donge lishikane, na zaidi ya hapo inafungua niasini, vitamini B3, iliyofungiwa ndani ya punje. Huko Ulaya walipoanza kuyategemea mahindi bila kujua hilo, maskini wakaanza kuugua pelagra, ngozi inababuka, tumbo linaharibika, akili inavurugika, daktari Gaspar Casal aliuandika ugonjwa huo Asturias, Hispania, mwaka 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi sana kusini mwa hii Marekani. Wanawake wa Meksiko walikuwa na dawa yake kwenye sufuria kwa maelfu ya miaka.

Nilipomweleza mama kwenye simu akasema si kama magadi kwenye makande. Kweli, ni ukoo mmoja, magadi na chokaa vyote vinalainisha punje. (Chokaa ya kula iko maduka ya Kimeksiko, pakiti ndogo, tafadhali asije mtu akatumia ya kujengea.) Kwa siku za kazi mimi natumia unga wa masa ambao umeshapitia chokaa ukakaushwa, unaongeza maji ya uvuguvugu tu, sioni aibu, doña mwenyewe anautumia katikati ya wiki.

Mashine ya kubonyezea tortila, chukua nzito. Zipo za aluminiamu, nyepesi, mkono wake unapinda baada ya miezi. Ya chuma nzito au ya mbao ngumu, mbao ndo naipenda maana bapa lake ni pana. Tandika plastiki, kata mfuko mzito wa friji pande mbili, donge liwe saizi ya ndimu, bonyeza, geuza, bonyeza kidogo tena. Kwenye komali la moto sekunde kama 20, ukiona kingo zinaachia geuza, subiri karibu dakika, geuza tena, na hapo ndo tortila nzuri inavimba, inajaa hewa kama mtoto anapuliza shavu, doña anaigusa kwa ncha ya kidole anaiacha. Yangu ya kwanza kuvimba niliita watoto wote waje waone.

Metate sikununua. Ni lile jiwe bapa la kuinama, lina miguu mitatu, unapiga magoti unasukuma jiwe jingine refu kwa mikono miwili, na kule Oaxaca bibi harusi alikuwa anapewa la kwake, lingine limepakwa rangi na maua. Nilipoliona dukani nilisimama muda mrefu. Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusagia uwele nyuma ya nyumba, jiwe lina bonde katikati lililochimbwa na miaka ya mikono yake, na mkao ni ule ule, magoti, mgongo unaenda na kurudi. Doña akaniambia magoti yake yote mawili yameharibika na lile jiwe na anamshukuru Mungu kwa umeme. Kakao na mole, ule mchuzi wao mzito wa pilipili kavu, anasema bado haiko sawa bila metate, ila hataki binti yake alitumie kila siku. Nikaliacha.

Haya, chungu. Hapa naomba tusomane vizuri.

Vyungu vya udongo vya Kimeksiko, oya ya maharage na kasuela za mchuzi, ni vizuri mno na maharage yaliyoiva kwenye oya taratibu sio sawa na ya sufuria. Tatizo ni ule mng'ao wa ndani. Udongo unaochomwa kwa moto mdogo, kwa muda mrefu mafundi wameung'arisha kwa madini ya risasi, wao wanaita greta, iliingia Meksiko pamoja na Wahispania, na risasi inatoka kwenye chombo inaingia kwenye chakula, hasa chakula cha uchachu kama nyanya, ndimu, siki, ukwaju. Kwa mtoto mdogo risasi inaharibu ubongo na hairudi nyuma. Sio hadithi za kutishana, Meksiko wenyewe wana kampeni za mafundi wasio na risasi, kuna alama ya Barro Aprobado kwa ajili hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeshanunua kasuela mbili zinang'aa kama asali kwenye soko la wikendi, muuzaji akaniapia ni salama, nikaenda kununua kile kipimo cha risasi cha kupaka, kwa moja kikageuka rangi hapo hapo. Hicho kipimo kikisema ipo amini, kikisema haipo bado usilale usingizi. Zote mbili nimezipanda mimea.

Kwa hiyo ninachonunua sasa ni udongo usio na mng'ao kabisa, ule mwekundu uliosuguliwa kwa jiwe tu, kama wa San Marcos Tlapazola huko huko Oaxaca, au chombo ambacho kimeandikwa wazi hakina risasi na ninajua kimetoka kwa nani. Ule udongo mweusi unaong'aa wa San Bartolo Coyotepec watu wanaupenda sana, ni kazi ya heshima, mfinyanzi Doña Rosa ndo aliyeufanya uwe maarufu miaka ya 1950 kwa kuusugua kabla ya kuuchoma, lakini kile ni cha kuweka sebuleni, mng'ao huo unapatikana kwa kuchoma kwa moto mdogo na chombo hakishiki maji vizuri. Oya mpya nayo inakomazwa, mimi nachemsha maji ya mchele humo kwa moto mdogo saa nzima kabla sijapika kitu, kama wanavyofanya kwetu na chungu kipya kwa uji.

Wale wa visiwani, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, jiko lao ni lingine na hawajui komali, wao ni kaldero, sufuria nene ya aluminiamu ya kusubu, na piloni ambayo ni kinu cha mbao na mchi, wanatwangia ndizi za kukaanga na saumu. Sina mengi ya kusema hapo, Mswahili yeyote akiingia jiko la Mdominika atajua kila kitu kinafanya nini. Nilipoona jirani yangu anakwangua chini ya kaldero na watoto wanagombania nikajua huu ni ukoko. Wao wanauita konkon, Puerto Rico wanasema pegao. Chagua kaldero nene, nyembamba inaunguza badala ya kukausha.

Mezani mimi sina makuu. Kila siku tunatumia vikombe na bakuli za peltre, za enameli zenye madoadoa, ni vile vile vikombe vya bati tulivyokunywea chai kijijini, kahawa ya oya yenye mdalasini na sukari guru inakaa humo vizuri, kikibanduka ndani naacha kukitumia. Kwa pozole natafuta bakuli pana lenye kina, maana pozole ina supu na mahindi na nyama na juu unamwaga kabichi na figili na ndimu, bakuli dogo linafurika. Tortila zinakaa kwenye kikapu cha kusuka wanaita chikiwite, ndani kitambaa kinene cha pamba, kitambaa ndo cha muhimu, mvuke unazilainisha, ukiziacha wazi dakika tano zimekuwa ubao. Sahani za talavera za Puebla zile za bluu, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2019 pamoja na za Hispania, nimezikubali kwa macho, bei yake sijaifikia.

Nimeacha molinilio mwisho makusudi. Ni mti wa kupekechea chokoleti, una pete za mbao zinazocheza na kichwa kilichochongwa, unaushika kati ya viganja unazungusha mpaka povu linapanda. Nilipomwonyesha mama kwenye video koli, kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu, si upekecho huo, wanapikia mlenda huko?" Doña alikuwa amekaa pembeni yangu, nikamtafsiria, akacheka akataka auone huo wa kwetu. Ukichagua molinilio hakikisha ni mti mmoja kuanzia juu mpaka chini, pete zimechongwa humo humo ndani ya mti bila kukatwa, sio zilizovishwa na kugandishwa na gundi, na usiwe na vanishi, upeleke puani unuse, iwe harufu ya mbao tu.

Mwezi wa kumi na mbili nilienda nyumbani, nikampelekea mama molinilio, na mama akanipa upekecho wake wa zamani nimpelekee mwenzangu, mweusi kwa moshi, ncha zake zimelika. Doña akaujaribu kwenye chokoleti akasema povu halipandi, pete hazipo. Afu akaujaribu kwenye atole, ule uji wao wa masa, haukushika donge hata moja. Mpaka leo uko jikoni kwake, kwenye kopo moja na vijiko vyake vya mbao.